Rangi ya chumbani imekukataa? Tafuta kosa kabla ya kununua ndoo nyingine

Simu huja jioni, siku ya pili au ya tatu baada ya mimi kuosha rola zangu na kuondoka. "Fundi, njoo uone mwenyewe. Hii siyo rangi niliyochagua." Nikifika nakuta mama amekaa ukingoni mwa kitanda, kadi ya rangi mkononi. Ananyanyuka, anaibandika ukutani. Kadi na ukuta vinafanana, huwezi kuvitenganisha. Anaangalia kadi, anaangalia ukuta, hata kunigombeza anashindwa. "Lakini fundi, siyo yenyewe." Na kweli siyo yenyewe.

Napaka rangi majumbani hapa Dar, na chumba cha kulala ndicho kinachoniletea malalamiko kuliko sebule na jikoni kwa pamoja. Sebuleni watu wanapita. Chumbani mtu analala chali anautazama ukuta ule ule asubuhi na usiku, kila dosari anaiona. Nilichojifunza ni kwamba ndoo mara nyingi haina kosa. Kosa liko kwenye balbu, kwenye kioo cha dirisha, kwa jirani, au kwenye ukuta wenyewe kabla rola haijaugusa. Ukipaka upya bila kujua ni lipi kati ya hayo, unanunua rangi mara mbili na tatizo linabaki pale pale.

Kwa hiyo anza hivi. Chukua kipande cha boksi au ubao, kipake rangi iliyobaki kwenye kopo, mikono miwili, yaani mara mbili, kikauke kabisa hadi kesho yake. Kitoe nje, kivulini, siyo juani. Kitazame vizuri, kisha kirudishe chumbani na ukiegemeze ukutani.

Kama nje ni rangi uliyoipenda na ndani inageuka, ukuta na ndoo havina hatia, mwanga ndio unaokuchezea. Kama hata nje hukipendi, kilinganishe na kadi. Kikitofautiana na kadi, duka lilikosea kuchanganya, rudi na kopo na risiti. Kikifanana na kadi, basi mchaguzi ni wewe, soma kipengele kinachofuata. Na kama kipande ni kizuri kote kote lakini ukuta una mabaka, ruka moja kwa moja hadi kwenye mabaka.

"Kwenye kadi ilikuwa maziwa, ukutani imekuwa siagi"

Hili ndilo lalamiko namba moja. Krimu inakuwa njano, pichi inakuwa chungwa, kijani kilichopauka kinakuwa kijani cha mlango wa duka.

Sababu ni kwamba chumba ni boksi. Mwanga ukiingia unagonga ukuta mmoja, unachukua rangi yake kidogo, unarukia ukuta wa pili wenye rangi ile ile, unachukua tena. Hadi ukufikie jichoni umeshapita kwenye njano mara mbili tatu. Kadi haina ukuta wa pili wa kuirudishia mwanga, ndiyo maana inabaki mpole. Pembeni mwa chumba, pale kuta mbili zinapokutana, utaona rangi imekolea kuliko katikati. Hakuna aliyerudia kupaka pale, ni kuta zinapeana rangi.

Ongeza na jinsi ulivyochagua. Ulisimama dukani chini ya taa nyeupe za dari, kadi ina vipande sita, kipande chako cha juu kabisa kimekaa jirani na cha chini kilichokolea sana. Mbele ya jirani yule, chako kilionekana kama si kitu.

Hapa ukichagua rangi yenye njano, pichi au waridi, panda kipande kimoja au viwili juu zaidi ya ulichopenda. Kijivu na samawati navyo hukolea, ila haviumizi macho kwa kiasi hicho. Kama kipande cha juu zaidi hakipo, mwambie mwenye mashine ya kuchanganya rangi dukani akuchanganyie kwa nusu ya dawa: rangi nyeupe ya msingi ile ile, dawa ya kuitia rangi nusu yake. Wengi wanaweza, ila hawatakuambia usipouliza.

Umeshapaka? Usitupe kilichobaki. Nunua galoni moja ya nyeupe ya aina ile ile, changanya nusu kwa nusu na rangi yako kwenye ndoo moja, jaribu kwenye kipande cha boksi kwanza. Ikikuridhisha, mkono mmoja juu ya ule wa zamani mara nyingi unatosha, kwa sababu chini hakuna rangi ngeni ya kufunika.

Na tafadhali usimsimamishe fundi katikati ya kazi. Rangi ya maji ikiwa mbichi, gundi yake ni nyeupe kama maziwa, ikikauka gundi inakuwa wazi kama kioo na rangi inashuka giza kidogo. Nimewahi kuzuiwa saa nne asubuhi kwa kuwa rangi "imepauka mno", nikaambiwa nikaongeze dawa. Saa nane mchana mkono wa kwanza ulikuwa umekauka na kuwa rangi ile ile ya kadi, na ndoo tayari ilikuwa imeharibiwa.

"Mchana nzuri, usiku kama zahanati"

Panda juu ya kiti, soma maandishi kwenye kitako cha balbu. Utakuta namba yenye herufi K, kipimo cha rangi ya mwanga. Ikiwa 6500K, ndiyo ile nyeupe ya kibuluu inayouzwa kila duka la vifaa vya umeme. Balbu ya 2700K au 3000K ni ya manjano, karibu na taa za zamani za nyuzi. Ukuta wa krimu chini ya 6500K unageuka kijivu cha ugonjwa, pichi inakufa, ngozi ya mtu mwenyewe kwenye kioo inakuwa kama ametoka kuugua malaria. Chini ya 3000K krimu inarudi uhai, lakini samawati yako nzuri ya mchana inaweza kuwa kijani chafu.

Dawa yake ni bei ya sahani ya chipsi: badilisha balbu moja, subiri usiku, tazama. Nimewahi kwenda na balbu mfukoni kwa mteja aliyekwisha nunua ndoo ya lita 20. Tulipoibadilisha alikaa kimya, kisha akaniuliza kama duka linarudisha ndoo ambayo haijafunguliwa. Rangi nyeupe tupu wanaweza kurudisha, iliyokwisha kuchanganywa kwa mashine watamuuzia nani?

Balbu za bei chee zina shida ya pili: hata zikiwa na K unayoitaka, zinaonyesha nyekundu na kahawia vibaya. Kwenye boksi tafuta maandishi Ra au CRI, kipimo cha jinsi balbu inavyoonyesha rangi, chini ya 80 achana nayo kwa chumba cha kulala.

Watu huniuliza kama bluu inaleta usingizi. Mimi ni fundi rangi, siyo daktari, lakini hili linajulikana: mwanga mkali wenye bluu nyingi usiku unaufanya mwili uchelewe kutoa homoni ya usingizi. Yaani balbu ya 6500K juu ya kitanda inaweza kukuharibia usingizi hata ukuta ukiwa na rangi gani. Weka ya manjano karibu na kitanda, nyeupe iache kwa ajili ya kutafuta soksi.

"Kijivu changu kimekuwa zambarau"

Kijivu kimeingia mjini na kimetuletea kesi nyingi. Hakuna kijivu kitupu kwenye kadi, kila kimoja kimebeba bluu, kijani, zambarau au kahawia ndani yake. Ukitaka kumjua aliyejificha, tazama kipande cha chini kabisa cha kadi ile ile, kilichokolea kuliko vyote, juu ya karatasi nyeupe pe. Kama cha chini ni zambarau, basi na chako cha juu ni zambarau, hata kikijifanya kijivu.

Lakini mara nyingine kijivu hakina kosa. Dada yangu anakaa Tabata, nilimpakia kijivu chenye kahawia ndani yake, nilikijaribu mwenyewe, na bado kikageuka. Nilizunguka chumba kile nusu saa. Kitu kilichonifungua macho ni kelele za watoto nje: alisukuma kioo cha dirisha ili awakemee, na pale mwanga wa wazi ulipoangukia, kipande cha ukuta kikawa kijivu. Kilichobaki nyuma ya kioo kiliendelea kuwa zambarau. Madirisha yake ya alumini yana vioo vya bluu.

Nyumba nyingi za Dar zina vioo vya rangi: bluu, kijani, kaki. Unachagua rangi nje au dukani kwa macho ya kawaida, kisha unaipeleka kukaa ndani ya miwani. Kabla ya kuchagua kitu chochote, sukuma kioo, weka kadi nusu kwenye mwanga wa wazi na nusu kwenye mwanga wa kioo. Tofauti unayoiona ndiyo utakayoishi nayo, maana usiku na wakati wa AC kioo kinafungwa. Kioo cha bluu kinataka rangi yenye kahawia au njano kidogo ili vikutane katikati. Kioo cha kaki kinafanya nyeupe iwe krimu bila wewe kununua krimu, kwa hiyo usiongeze krimu juu yake.

Baada ya kioo, tazama nje ya dirisha. Bati jekundu la jirani, uzio uliopakwa kijani, mwembe uliosogea hadi kwenye nyavu, uwanja wa udongo mwekundu: vyote vinamwaga rangi ndani. Chumba cha ghorofani kinachotazama bati jekundu kitakuwa na waridi darini saa sita mchana, na hapo hakuna ujanja wa ndoo. Pazia jepesi jeupe ndilo linalosaidia.

Na baada ya jirani wa nje kuna majirani wa ndani. Mwaka 1824 mwanakemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alipewa kusimamia utiaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kilichofuma mazulia ya kutundika ukutani. Kulikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazina weusi wa kutosha. Alipozilinganisha na nyeusi za kwingine, hazikuwa na kasoro yoyote. Zilikuwa zimefumwa kando ya bluu na zambarau, na jicho likizitazama pale lilizipunguzia weusi. Mwaka 1839 alitoa kitabu kizima juu ya jambo hilo, rangi kubadilishwa na jirani yake. Mimi nakutana na kesi ya Chevreul kila wiki: kitanda na kabati la mninga vilivyopigwa vanishi, vyekundu vya chungwa, kisha kijivu nyuma yake. Jicho likishiba chungwa linaona bluu pembeni. Mteja anasema rangi imegeuka, mimi namwomba tutoe kabati dakika tano. Hakubali kirahisi, kabati ni zito.

Kama samani za mninga hazitoki, na kwa nini zitoke, ni mali, chagua kijivu chenye kahawia wazi, au rangi ya mchanga. Au kijani cha majani makavu, ambacho na mninga vinaelewana kuliko kitu chochote ninachokijua.

"Jioni chumba kinawaka moto"

Kuna mambo mawili hapa na watu wanayachanganya.

Joto lenyewe halitokani na rangi ya ndani. Linatoka kwenye bati, kwenye dari isiyo na hewa juu yake, na kwenye ukuta wa nje uliopigwa na jua la magharibi tangu saa nane. Ukitaka rangi ipunguze joto, paka nyeupe ukuta wa nje na bati. Ndani utabadilisha macho tu.

Lakini macho nayo yana haki yake. Jua la saa kumi na moja jioni ni la dhahabu, na chumba cha magharibi kilichopakwa pichi, njano au waridi kinageuka jiko la mkaa. Chumba kama hicho kipe samawati iliyopauka, kijivu cha kijani, au nyeupe isiyo na njano. Chumba cha mashariki kinapata dhahabu yake asubuhi mapema, wakati bado umelala au umeshatoka, kwa hiyo krimu inakaa bila ugomvi.

Kaskazini na kusini ndipo video za Ulaya zinapowapoteza watu. Wanasema chumba kinachotazama kaskazini ni cha baridi, kipake rangi za joto. Kwao ni kweli. Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta: kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita upande wetu wa kaskazini, na Novemba hadi Februari linapita kusini. Kwa hiyo dirisha la kaskazini linapata jua wakati wa kipupwe, na la kusini linapata kaskazi ikivuma. Ukichagua rangi ya chumba cha kusini mwezi Januari, ujue Juni utakuwa na chumba kingine.

"Nimepaka nyeupe na bado ni pango"

Nyeupe haiwashi taa. Inarudisha mwanga uliopo, na kama haupo inarudisha kiza, yaani kijivu cha shuka lililofuliwa na maji ya kisima.

Hesabu vinavyokula mwanga kabla haujafika ukutani: uzio wa jirani mita moja kutoka dirishani, nondo, nyavu za mbu zilizojaa vumbi la miaka mitatu, kioo cha kaki, pazia zito, kisha chandarua cha bluu kinachoning'inia katikati ya chumba. Osha nyavu kwanza. Siyo mzaha, nimeona chumba kikibadilika kwa brashi na sabuni. Dari ipake nyeupe ya mati, isiyong'aa, maana ndiyo inayopokea mwanga unaoruka kutoka sakafuni.

Baadhi ya watengenezaji huandika kwenye kadi namba ya LRV, kutoka 0 hadi 100, kiasi cha mwanga ambacho rangi inarudisha. Kwa chumba chenye dirisha moja mimi sishuki chini ya 60. Ila kama chumba hakina mwanga kabisa, chumba cha katikati cha nyumba ya kupanga, naona bora kukubali. Rangi ya wastani yenye joto, udongo au hudhurungi nyepesi, na balbu mbili za manjano, inapendeza kuliko nyeupe inayolia njaa. Wateja wengi hawanikubalii hili.

Mabaka, mistari na mawimbi

Hapa ndipo kosa linapokuwa langu, au la fundi aliyenitangulia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mabaka yanayong'aa na mengine yaliyofifia kwenye ukuta mpya: skimu, ile lipu laini ya mwisho, ilinyonya bila mpangilio. Fundi aliruka praima, rangi ya kutangulia, ili kuokoa galoni moja, sehemu yenye skimu nyingi ikanywa gundi yote ya rangi. Kuongeza mkono wa tatu kunasaidia kidogo tu. Piga msasa mwepesi, praima ukuta mzima, kisha rangi.

Rangi kupauka vipande vipande kwenye plasta mpya, hasa bluu na zambarau: simenti mbichi ina magadi makali yanayounguza rangi. Plasta inataka wiki 4 hivi kabla ya kupakwa, na masika zaidi. Najua kodi inawangoja mlikopanga. Kama huwezi kusubiri, paka nyeupe ya maji mkono mmoja uhamie, rangi uipendayo ije baadaye.

Unga mweupe unaotoka ukutani kama chumvi: ni chumvi kweli, iliyoletwa juu na maji. Huku pwani mchanga wenye chumvi ukiingia kwenye plasta, au msingi ukikosa nailoni ya kuzuia unyevu, rangi itasukumwa mwaka hadi mwaka. Jaribio ni jepesi: bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa selotepu, acha siku nzima. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani. Yakiwa juu ya nailoni, ni hewa ya chumbani yenye mvuke, fungua madirisha. Chumvi ifagie kwa brashi kavu, ukiiosha kwa maji unairudisha ndani.

Madoa meusi nyuma ya kabati au upande wa bafu: kuvu. Masika ndiyo msimu wake. Ukipaka juu yake inatoka tena kabla ya vuli. Osha kwa jiki, kipimo kimoja kwa vitatu vya maji, iache robo saa, suuza, kausha. Fungua dirisha, vaa glovu, na usiichanganye hata kidogo na dawa ya chooni, mvuke wake unaua. Kisha sogeza kabati kiganja kimoja kutoka ukutani na utafute bomba linalovuja bafuni.

Vipande viwili vya ukuta vyenye rangi karibu sawa lakini siyo sawa: galoni mbili zilizochanganywa siku tofauti. Mimina zote kwenye ndoo moja kabla ya kuanza, koroga, ndipo upake. Nalijua hili na bado liliwahi kunipata.

Mawimbi yanayoonekana asubuhi tu, mwanga ukiingia kwa ubavu: plasta haijanyooka na umepaka silki. Silki inang'aa kidogo, kila kilima inakionyesha. Kwa chumba cha wazazi mimi natetea mati. Kwa chumba cha watoto naweka silki, kwa sababu penseli na mikono ya maandazi vinafutika. Kuna sehemu moja ya chumba cha wazazi ambapo mati inashindwa: juu ya mto, pale kichwa kinapoegemea ukuta. Baada ya miezi sita kuna duara la mafuta ya nywele, mawili kama ni wawili. Weka ubao wa kitanda mrefu.

Rangi inayobanduka kama ngozi ya kitunguu: chini kuna rangi ya mafuta ambayo haikupigwa msasa, au chokaa. Pitisha kiganja. Kikitoka cheupe ni chokaa, isugue, praima. Kama ni ya mafuta na nyumba ni ya zamani sana, piga msasa ukiwa umelowesha ukuta na watoto wawe nje, kwa kuwa rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, madini yenye sumu.

Ukikaa nyumba ya mawe na chokaa, Mji Mkongwe au Lamu, habari ni nyingine. Kuta zile za matumbawe zinavuta na kutoa unyevu kila siku, ukizifunga kwa rangi ya plastiki zinaitapika. Zirudishie chokaa. Bibi yangu alitia buluu ya kufulia kidogo tu kwenye chokaa yake ili ing'ae, na ukuta wake ulikuwa mweupe kuliko ndoo yoyote ninayonunua leo.

Mmoja anataka bluu, mwingine anataka krimu

Paka bluu ukuta ulio nyuma ya kichwa cha kitanda. Anayeitaka ataiona akiingia, asiyeitaka ataipa kisogo akilala. Tuendelee.

Namna ya kujaribu ili usinipigie simu

Usipake alama ndogo tano juu ya ukuta wa zamani. Ukuta wa zamani ni jirani, na umeshaona majirani wanafanya nini. Tafuta vipande vya jipsamu vilivyobaki darini au plaiwudi, upana wa sentimita 60 hivi. Rangi tatu, zisizidi. Nunua kopo dogo la kila moja, paka mikono miwili, acha ukingo mweupe wa vidole viwili ili rangi ya zamani isiiguse mpya.

Kisha zihamishe: kona ya karibu na dirisha, ukuta unaotazama dirisha, nyuma ya kitanda. Zisimamishe wima kama ukuta, usizilaze kitandani, kwa kuwa mwanga unaoangukia kitu kilicholala siyo ule wa ukutani. Shuka, pazia na chandarua viwepo. Tazama saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, na usiku taa ikiwaka. Rangi ya kuchagua siyo ile inayopendeza zaidi mchana. Wengi mnaingia chumbani saa mbili usiku na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo kura ya usiku ina uzito mkubwa. Zikae hivyo siku mbili. Ile utakayoichoka itajionyesha.

Ukishaamua, hesabu. Chumba cha mita 3.5 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.8 kina kuta za mita za mraba 39 hivi, ukitoa mlango na dirisha zinabaki 35. Mikono miwili ni 70. Lita moja ya rangi nzuri ya maji inafunika kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, kwa hiyo lita 7, yaani galoni mbili za lita 4 na kidogo kinabaki. Njano kali na nyekundu zinafunika vibaya, ziongezee mkono wa tatu. Fundi akikuambia chumba kimoja kinataka ndoo ya lita 20, muulize nyumba yake ataipaka lini.

Kile kidogo kilichobaki kimimine kwenye chupa ya kioo, kifunike vizuri. Namba ya mchanganyiko iliyoandikwa kwenye mfuniko inakili kwa penseli juu ya ukingo wa mlango wa chumbani, pale ambapo hakuna anayeangalia. Mifuniko hupotea, karatasi huliwa na mchwa. Milango ninayoirudia miaka sita baadaye, nikipanda kiti nakuta mwandiko wangu bado upo.